MWANA KUPONA: MAMA ALIYEMWACHIA BINTIYE WOSIA

Katika mwambao wetu, kutoka visiwa vya Lamu mpaka Vanga, ni nadra kumpata mwanamke mtu mzima ambaye hajapata kusikia jina la Mwana Kupona binti Mshamu. Wengi wamjua kwa utendi wake, lakini ni wachache wamjuao yeye mwenyewe. Leo napenda kuwaeleza wasomaji kwa ufupi habari za bibi huyu, kwani nimesikia mara nyingi watu wakibishana juu ya maneno yake bila ya kumtazama aliyeyasema, wala hali aliyokuwa nayo alipoyasema.

Mwana Kupona alizaliwa kisiwani Pate, mapema katika karne ya 19. Aliolewa na Sheikh Mataka, mtawala wa Siyu, ambaye watu walimwita Bwana Mataka. Siyu ya siku hizo haikuwa kijiji. Ulikuwa mji wa maulamaa na mafundi, watu waliosifika kwa kunakili misahafu, kuchora milango na kushona viatu vya ngozi. Tena ulikuwa mji wenye kiburi cha uhuru. Seyyid Said wa Unguja alitaka kuutia chini ya bendera yake, na Bwana Mataka akakataa. Mwaka 1845 jeshi la Seyyid lilishindwa huko Siyu, na amiri wake, Hamad, akauawa.

Basi huyo ndiye mume wa Mwana Kupona, na hayo ndiyo maisha aliyoyaishi: maisha ya nyumba kubwa katika mji usiolala kwa vita. Alijaaliwa kuzaa watoto wawili, binti na mwana. Binti ni Mwana Hashima, aliyezaliwa yapata mwaka 1841. Mwana ni Muhammad, ambaye alikuwa bado mdogo sana babake alipofariki, yapata mwaka 1856.

Kifo hicho kilimwachia mjane huyu huzuni isiyokwisha. Yeye mwenyewe asimulia katika utendi kwamba waliishi na mumewe kwa furaha na kicheko, bila ya kuvunjiana heshima, na kwamba mauti yalipomjia, mume alikariri kumpa radhi zake. Tangu siku hiyo, asema, hakupata kunyamaza kilio kila akumbukapo mazoea yao.

Haukupita muda, naye akashikwa na maradhi. Alikuwa ameugua mwaka mzima alipomwita bintiye aje na wino na karatasi, akae karibu, asikilize. Hapo ndipo ulipotungwa utendi wake wa beti 102, mwaka 1275 wa Hijria, yaani 1858. Haikupita miaka mingi baadaye, naye akafariki dunia. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Hebu msomaji mtazame mama huyu. Baba wa watoto hayupo. Mji unaandamwa na adui. Yeye mwenyewe yuko kitandani, na mbele yake yupo msichana wa miaka kama 17. Amwachie nini? Mali huisha, na nyumba huanguka. Akaona amwachie maneno. Aliyaita hirizi, akayaita kidani cha lulu na marijani, akayaita kifungo kizuri kisicho na ila cha kuvaliwa shingoni.

Akaanza kwa dini, ashike faradhi na sunna. Akafuatisha adabu na ulimi mwema, kisha uaminifu. Akamwambia achangamke na watu kwa mzaha usioudhi, na mhitaji akija mlangoni asimdharau, bali amsaidie kwa alicho nacho. Ndipo akaingia katika mambo ya mume: asimwamshe alalapo, ampepee, amtie udi asubuhi na jioni, asitoke bila ya ruhusa, amtunze kama mtoto asiyejua bado kusema.

Hapo ndipo penye mabishano. Wako wasemao kwamba Mwana Kupona alimfanya mke kuwa mtumishi wa mume. Wako na wataalamu waonao kuwa mna kejeli ya chinichini, kwani mwanamume aliyefananishwa na mtoto asiyejua kusema hakusifiwa sana. Mimi naona pande zote mbili zamsahau mgonjwa aliye kitandani. Mama huyu hakuwa akiandika sheria ya wanawake wa dunia. Alikuwa akimtafutia yatima wake stara, katika zama ambazo msichana asiye na baba hakuwa na ngome nyingine ila nyumba yake na radhi za watu wake. Sehemu kubwa ya mwisho wa utendi si habari za mume tena; ni dua, awaombea wanawe na ndugu zake, na ajiombea afya. Hayo ni maneno ya mtu ajuaye kwamba hatakuwapo.

Sisemi kwamba kila neno lake latufaa leo. Mna maneno juu ya watumwa ambayo ni ya zama zile, na zama zile zimekwisha, alhamdulillahi. Lakini jambo moja halijachakaa. Mwana Kupona alikuwa mwanamke mwenye elimu, akamtaka bintiye ashike wino na karatasi, na mwisho wa utendi akawataka wanawake wenziwe wausome. Asemaye kwamba kusomesha mtoto wa kike ni jambo geni kwetu, na akumbuke kitanda kile.

Nyanya yangu hakuingia skuli hata siku moja, lakini beti nyingi za utendi huu alikuwa nazo moyoni, kwa kuzisikia kwa mamake. Usiku alitusomea kwa sauti ya tartibu, na sisi wajukuu tukilala tukidhani ameyatunga yeye.

Mwana Hashima aliutunza wosia ule. Aliishi miaka mingi, akazeekea Lamu, na Bibi Alice Werner wa Uingereza alipofika huko kabla ya vita vikuu vya kwanza, alikuwa yu hai. Werner aliuchapisha utendi huo mwaka 1917, kisha tena pamoja na William Hichens mwaka 1934. Hivyo maneno yaliyosemwa chumbani kwa mtoto mmoja yakafika ng'ambo.

Sasa wasomao Kiswahili kwa herufi za Kiarabu wazidi kupungua majumbani mwetu. Mwenye mama au nyanya ajuaye beti hizi kwa moyo, na aketi naye, aziandike, angali yu hai. Naye Mwana Kupona, twamwombea Mola amlaze mahali pema pamoja na mama zetu wote waliotangulia. Amin.