RAMADHANI, SIKU YA 14: Mkopo wa watoto wa Khalifa

Ndugu zangu wa Ngara na Biharamulo,

Jana usiku tumeswali tarawehe nyuma ya imamu mmoja. Aliyewakusanya watu hivyo ni Sayyidna Umar bin Al-Khattab (r.a.). Leo tumtazame alivyoshika mali ya umma.

Alishika ukhalifa mwaka 634, baada ya Sayyidna Abubakar (r.a.). Zama zake mali ilimiminika Madina kutoka Iraki, Shamu na Misri. Akaanzisha diwani, yaani daftari la wanaostahiki na kiwango cha kila mmoja. Muhajirina wa mwanzo aliwapangia 4,000. Mwanawe Abdullah, naye Muhajirina, akampa 3,500. Watu wakauliza mbona amempunguzia. Akawajibu kuwa kijana huyo alihamishwa na wazazi wake, hawezi kuwa sawa na aliyehama mwenyewe.

Sasa sikilizeni hili. Wanawe wawili, Abdullah na Ubaydullah, walikuwa wanarudi na jeshi kutoka Iraki. Wakapita Basra kwa liwali, Abu Musa Al-Ash'ari (r.a.). Yeye alikuwa na fedha za hazina za kupeleka Madina. Akawakopesha vijana: wanunue bidhaa, wakauze Madina, mtaji wampe baba yao, faida ibaki kwao. Wakafanya hivyo, wakapata faida.

Hebu tuseme kweli, hapo nani kaiba? Hakuna. Mtaji umefika wote. Lakini Sayyidna Umar aliwauliza jambo moja tu: je, kila askari alikopeshwa kama wao? Wakasema hapana. Basi akajua wamepewa kwa sababu ya jina la baba. Akaamuru mtaji na faida vyote virudi hazina. Ubaydullah akajitetea kwamba fedha zingepotea, wao ndio wangelipa. Mwishowe mmoja wa waliokuwepo akashauri wahesabiwe kama wafanyabiashara wa ubia, hazina ikachukua mtaji na nusu ya faida.

Alipochomwa kisu mwaka 644, akiwa kitandani aliagiza deni lake, kama 86,000, lilipwe kwanza kwa mali ya familia yake. Akateua watu sita wa kushauriana kumpata khalifa. Abdullah akaruhusiwa kuhudhuria, kuchaguliwa hapana.

Ndugu zangu, huku kwetu halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Wewe unayekaa kwenye kikao cha kupitisha vikundi, na kimoja ni cha mkeo au shemeji yako, sema mapema, kisha toka nje wenzako waamue. Usiseme "watarejesha tu". Hata watoto wa Umar walirejesha. Swali ni lile lile: na yule mama mjane wa kule kijijini, asiyemjua mtu ofisini, naye kapewa nafasi hiyo hiyo?

Na sisi msikitini tujiulize hivyo hivyo kabla ya kugawa zakatul fitri. Orodha ya mafukara isianze na jamaa wa wanakamati.

Allah atutakasie mikono yetu na azipokee funga zetu. Amin.

Mtumie na mwenzako.