Carver, yatima wa utumwani aliyetafuta viwanda ndani ya karanga

Wafanyabiashara wa mpakani wanaijua vizuri adha ya mfuko wa plastiki. Hapa kwetu Rwanda ulipigwa marufuku mwaka 2008, Kenya ikafuata mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019. Anayekutwa nao hunyang'anywa. Swali linabaki: bidhaa tufungie nini? Wanafunzi wangu wanaponiuliza kama plastiki yaweza kutokana na mimea, huwasimulia maisha ya George Washington Carver.

Carver alizaliwa utumwani karibu na Diamond, jimbo la Missouri, Marekani, mnamo mwaka 1864 hivi. Tarehe kamili haikuandikwa. Akiwa mtoto mchanga, yeye na mama yake walitekwa na majambazi. Mtoto alirudishwa, mama hakuonekana tena. Utumwa ulipokwisha, alilelewa na waliokuwa mabwana zake, Moses na Susan Carver.

Shule ya jirani haikupokea watoto weusi. Akiwa bado mdogo aliondoka kwenda Neosho kutafuta darasa, kisha akahamia Kansas, akifua nguo za watu ili ajikimu. Sisi tuliosomea uhamishoni tunajua maana ya kufuata elimu ugenini. Chuo kimoja cha Kansas kilimkubali kwa barua, kikamkataa kilipoona rangi yake.

Hata hivyo, hakukata tamaa. Mwaka 1891 aliingia chuo cha kilimo cha Iowa, akiwa mwanafunzi mweusi wa kwanza hapo. Utafiti wake wa shahada ya kwanza, mwaka 1894, ulihusu jinsi binadamu anavyobadilisha mimea. Shahada ya pili aliipata mwaka 1896.

Mwaka huo huo Booker T. Washington alimwita kufundisha Tuskegee, Alabama. Hakukuta maabara. Yeye na wanafunzi wake waliokota chupa na makopo jalalani, wakavigeuza kuwa vifaa vya kupimia. Mashamba yalikuwa yamechoshwa na pamba, kwa hiyo akawahimiza wakulima kupanda kunde na karanga ili kurudisha rutuba, pamoja na viazi vitamu. Mavuno yakihitaji soko, akayatafutia matumizi mengine: rangi, gundi, wanga, hata mbao za maganda ya karanga. Vumbi la mbao alilifanya marumaru bandia. Wengi hudai alivumbua siagi ya karanga. Si kweli, ilikuwepo kabla yake.

Mwaka 1937 alikutana na Henry Ford, mwenye viwanda vya magari, wakawa marafiki. Ford naye alitaka mazao ya shambani yaingie kiwandani, na Agosti 1941 alionyesha gari lenye bodi ya plastiki iliyotumia soya. Vita vikakatiza kazi hiyo. Baadaye plastiki ya petroli, iliyokuwa rahisi, ikatawala dunia.

Carver alifariki tarehe 5 Januari 1943, bila mke wala mtoto. Akiba yake, dola zipatazo 60,000, aliiachia taasisi ya utafiti aliyoianzisha Tuskegee. Lakini jambo moja linaniuma kama mwalimu: vipimo vya vitu vingi alivyotengeneza hakuviandika, na waliomfuata hawakuweza kuvirudia.

Leo plastiki ya mimea ipo sokoni. Sukari ya mahindi au miwa huchachushwa ikatoa asidi, nayo asidi hiyo hugeuzwa plastiki. Ikumbukwe kuwa plastiki ya aina hiyo huhitaji joto kali la mboji ya kiwandani ili ioze. Ukiitupa mtaroni itakaa miaka. Kazi bado ipo.

Maganda ya muhogo na migomba tunayo tele. Kijana wa chuo aliye likizo aanze na hayo, hata kwa makopo ya kuokota, ila kila kipimo akiandike daftarini.