Edward Barnard: Kijana wa Studio Aliyepiga Picha Giza la Anga

Mtu akitoka nje usiku usio na mwezi kati ya Juni na Agosti, mbali na taa za mji, akainua macho hapa kwetu Tanzania, huona ukanda mweupe unaokatiza anga. Hiyo ndiyo Njia Nyeupe, mkusanyiko wa nyota nyingi mno hata jicho haliwezi kuzitenganisha. Akiendelea kutazama ataona kwamba ndani ya weupe huo mna mabaka meusi, kama moshi uliosimama. Je, mabaka hayo ni matundu, yaani mahali pasipo na nyota? Au kuna kitu mbele ya nyota kinachozuia mwanga wake?

Swali hilo lilimsumbua kwa miaka mingi mtu ambaye maisha yake tunayasimulia hapa, Edward Emerson Barnard. Siku hizi wapo watu wengi duniani wanaopiga picha za nyota nyuma ya nyumba zao kwa darubini ndogo, kwa kupenda tu, na jina la Barnard halipotei katika mazungumzo yao. Wana sababu. Naye alianza hivyo hivyo: kijana maskini mwenye darubini ndogo, na kazi ya mchana iliyomlisha yeye na mama yake.

Mtoto aliyelifuata jua

Barnard alizaliwa tarehe 16 Desemba 1857 mjini Nashville, katika jimbo la Tennessee, Marekani. Baba yake alifariki kabla yeye hajazaliwa. Mama yake, Elizabeth, akabaki na wavulana wawili na hakuwa na mali. Mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza, na maisha ya wajane yakawa magumu zaidi. Shuleni Edward alikaa kwa muda wa miezi miwili hivi tu; mama ndiye aliyemfundisha kusoma. Usiku wa joto alipenda kulala chali juu ya gari bovu la kukokotwa, akitazama nyota moja angavu iliyopita utosini. Hakujua jina lake, wala hakuwa na mtu wa kumwuliza.

Kabla hajatimiza miaka 9 alipelekwa kufanya kazi katika studio ya picha ya John Van Stavoren. Juu ya paa la studio ile palikuwa na kamera kubwa ya kukuzia picha, iliyopewa jina la Jupiter, ile sayari tunayoiita Mshtarii. Taa za umeme zilikuwa bado, hivyo mwanga wa kukuzia ulitoka kwenye jua lenyewe. Na kwa kuwa jua halisimami angani, ilibidi mtu akae pale juu kutwa, akizungusha magurudumu polepole ili kamera isiliache. Wavulana waliomtangulia walikuwa wakisinzia na kazi kuharibika. Edward hakusinzia. Alidumu katika studio ile miaka 17, akapanda kutoka kazi ya kuzungusha magurudumu hadi kuwa fundi anayejua lenzi, dawa za kusafishia picha na mabamba ya kioo yaliyotumika wakati ule badala ya filamu.

Tuishike kazi hiyo ya kwanza akilini, maana yote aliyofanya baadaye yalifanana nayo.

Kitabu cha rehani

Mwaka 1876 mtu mmoja aliyefahamiana naye alimkopa fedha kidogo, akamwachia kitabu kama rehani. Barnard alijua fedha zile hazitarudi, na kitabu chenyewe hakukitamani, kwa sababu mwandishi wake, Thomas Dick, alikuwa mchungaji wa Scotland. Akadhani ni mahubiri. Alipokifungua akakuta kinazungumzia nyota, tena kina ramani za anga. Akaenda nacho dirishani, akalinganisha ramani na nyota za juu. Ile nyota ya utotoni sasa ikapata jina: Vega.

Mwenzake kazini akamtengenezea darubini ya kwanza kwa lenzi kuukuu. Haikutosha. Mwaka 1877 alinunua darubini ya kweli, yenye lenzi ya inchi 5 kwa upana, kwa dola 380. Hizo zilikuwa karibu theluthi mbili za mshahara wake wa mwaka mzima, na bado alikuwa na mama wa kumtunza.

Mwaka huo huo wanasayansi wa Marekani walifanya mkutano wao Nashville. Kijana akapata nafasi ya kumwona Simon Newcomb, mwanafalaki aliyeheshimika kuliko wote nchini mwake, akamwuliza mtu kama yeye angeweza kufanya nini. Newcomb alimwuliza kama anajua hisabati. Alipojua kwamba hajui, akamwambia kwamba bila hisabati hataweza kufanya mengi, labda kutafuta nyotamkia. Barnard alijitenga nyuma ya nguzo ya jengo akalia. Kisha akarudi nyumbani akafanya mambo mawili: akaanza kujifunza hisabati, na akaanza kutafuta nyotamkia.

Nyumba iliyojengwa kwa nyotamkia

Nyotamkia ni mawe na barafu yanayolizunguka jua kutoka mbali sana, na yakikaribia huota mkia wa mvuke na vumbi. Kuyatafuta ni kupitisha darubini angani kidogo kidogo, usiku baada ya usiku, ukitafuta doa la ukungu ambalo halikuwapo jana. Tajiri mmoja aliyeitwa Warner, muuza dawa wa mji wa Rochester, alikuwa ameahidi zawadi ya dola 200 kwa kila nyotamkia mpya itakayogunduliwa.

Mwaka 1881 Barnard alimwoa Rhoda Calvert, na mwaka huo huo akagundua nyotamkia iliyompatia zawadi. Fedha zikaingia katika kujenga nyumba ndogo kwa ajili ya mke na mama. Deni la nyumba lilipokaribia kudaiwa, ikaonekana nyotamkia nyingine, kisha nyingine. Watu wa Nashville wakaipa nyumba ile jina la Nyumba ya Nyotamkia. Mwaka 1883 Chuo Kikuu cha Vanderbilt, kilichopo mjini humo, kilimpa ufadhili wa masomo na kumkabidhi darubini ya chuo. Mtu wa miezi miwili ya shule akakaa darasani akiwa na miaka 25.

Lenzi ya picha za watu

Mwaka 1888 alianza kazi katika Kituo cha Lick, juu ya Mlima Hamilton huko California, kilichokuwa na darubini ya lenzi kubwa kuliko zote duniani wakati huo, yenye upana wa inchi 36. Kwa miaka ya mwanzo hakupangiwa zamu kwenye darubini hiyo. Mwaka 1892 hatimaye alipewa usiku mmoja kwa juma, Ijumaa. Ijumaa ya tarehe 9 Septemba aliona nukta hafifu karibu kabisa na Mshtarii. Ulikuwa mwezi wa tano wa sayari hiyo, na hapakuwa pamegunduliwa mwezi mwingine wa Mshtarii tangu Galileo alipoiona minne mwaka 1610. Sifa zake zikaenea dunia nzima.

Hata hivyo, kazi aliyoipenda zaidi ilifanywa kwa chombo duni. Kituo kilinunua lenzi kuukuu ya inchi 6, iliyotengenezwa kwa ajili ya kupigia watu picha katika studio. Barnard aliijua lenzi ya aina hiyo tangu utoto. Aliifunga katika sanduku la mbao, akaishikiza kwenye darubini ndogo, na Agosti 1889 akaielekeza kwenye Njia Nyeupe katika kundinyota la Mshale.

Hapa tueleze kidogo jambo linalowavuta wapiga picha wa nyota hadi leo. Jicho likishazoea giza, halikusanyi mwanga. Kitakachoonekana baada ya saa nzima ni kile kile cha dakika ya kwanza. Bamba la picha hukusanya. Mwanga hafifu ukiliangukia kwa saa tatu, yale ambayo jicho haliyaoni kamwe hujiandika. Lakini dunia inazunguka, na nyota huonekana kusogea. Darubini isipozifuata, kila nyota hugeuka mstari. Saa inayoisukuma darubini husaidia, ila haitoshi. Hivyo Barnard alikaa akiangalia nyota moja katika darubini ya pembeni, nyota hiyo ikiwa imekaa kwenye makutano ya nyuzi mbili nyembamba, na kila ilipoteleza kidogo aliirudisha kwa mkono. Alifanya hivyo kwa saa tatu, nne, hata zaidi, na katika baridi, maana jengo la darubini halipashwi moto. Hewa ya joto hutikisa picha.

Ilikuwa kazi ile ile ya juu ya paa la studio, ila sasa kwa nyota badala ya jua.

Picha zilionyesha mambo ambayo hayajapata kuonekana: mawingu ya nyota, na kati yake mito na mabaka meusi yenye kingo kali. Oktoba 1892 moja ya picha hizo ilikuwa na mstari hafifu wa ajabu. Ikawa nyotamkia ya kwanza kugunduliwa katika picha ya anga la usiku.

Matundu au mawingu?

Mwaka 1895 Barnard alihamia Kituo cha Yerkes cha Chuo Kikuu cha Chicago, huko Wisconsin. Mama mmoja wa New York, Catherine Bruce, alitoa dola 7,000 ili atengenezewe kamera maalumu ya anga, yenye lenzi ya inchi 10. Mwaka 1905 aliisafirisha hadi Mlima Wilson huko California, ambako anga ni safi zaidi, akapiga huko picha zake nyingi zilizo bora.

Kwa muda mrefu yeye mwenyewe aliyachukulia mabaka meusi kuwa matundu. Ilikuwa rahisi kufikiri hivyo: pasipoonekana nyota, hapana nyota. Lakini mabamba yalimpinga. Mabaka mengine yalionekana kuungana na mawingu yanayong'aa, kama kitu kimoja ambacho sehemu yake tu imeangazwa. Mengine yalikuwa na umbo kamili. Tundu linalopita moja kwa moja katikati ya nyota zote, na kutuelekea sisi sawasawa, lingekuwa jambo gumu kuamini. Na yeye alikuwa ameyapata mengi.

Usiku mmoja wa kiangazi cha mwaka 1913, wakati anga lilikuwa safi na mwezi haupo, aliona vijiwingu vya kawaida vya hali ya hewa vikipita mbele ya Njia Nyeupe. Vilionekana vyeusi kama wino, na vilifanana kabisa na yale mabaka ya kwenye mabamba yake. Hakukimbilia kutangaza. Aliendelea kukusanya ushahidi, na mwaka 1919 akachapisha orodha ya sehemu nyeusi 182 za anga, akieleza kwamba nyingi zake ni vitu halisi vinavyozuia mwanga wa nyota za nyuma. Mwaka 1930 Robert Trumpler wa Kituo cha Lick alithibitisha kwamba vumbi limetawanyika katika Njia Nyeupe na kupunguza mwanga wa nyota. Wanafalaki wakalazimika kusahihisha vipimo vyao vya umbali. Leo tunajua kwamba mawingu hayo meusi ni gesi na vumbi, na ndani yake nyota mpya huzaliwa. Mahali palipodhaniwa kuwa patupu ndipo penye mimba ya nyota.

Kitabu ambacho hakukiona

Katika miaka hiyo, mwaka 1916, aligundua pia nyota ndogo nyekundu inayosogea angani kwa kasi kuliko nyingine zote. Inaitwa Nyota ya Barnard, na iko umbali wa karibu miaka 6 ya mwanga.

Lakini moyo wake ulikuwa katika kitabu cha picha za Njia Nyeupe. Mashine za uchapishaji zilifuta mambo madogo yaliyomo katika picha, naye hakukubali. Ikaamuliwa kila picha katika kila nakala isafishwe kwa mkono kama picha ya studio. Nakala zilikuwa 700, na kila moja ilikuwa na picha 51, jumla 35,700. Barnard alizikagua zote, moja baada ya nyingine.

Rhoda alifariki mwaka 1921. Hawakujaliwa mtoto. Barnard naye, akiwa mgonjwa wa kisukari kwa miaka kadhaa, alifariki tarehe 6 Februari 1923, akazikwa Nashville. Kitabu kilikuwa hakijakamilika. Kilimaliziwa na Mary Calvert, binti wa ndugu wa Rhoda, aliyekuwa msaidizi wake, pamoja na Edwin Frost, mkuu wa Kituo cha Yerkes, ambaye wakati huo alikuwa amepoteza uwezo wa kuona. Kilitoka mwaka 1927.

Tunachojifunza

Anayepiga picha za nyota leo ana kamera ya kidijitali, mota inayofuata nyota yenyewe, na kompyuta inayojumlisha picha nyingi fupi kuwa moja. Darubini yake ndogo inaweza kupata kwa usiku mmoja yale ambayo Barnard aliyapata kwa jasho la juma zima. Na mara nyingi anachokitafuta kina namba ya Barnard: lile wingu maarufu la Kichwa cha Farasi katika kundinyota la Jabari ni namba 33 katika orodha yake.

Sisi tunaosoma maisha haya tunaona mambo mawili. La kwanza, kazi ndogo aliyopewa mtoto, ya kukaa macho na kufuata mwanga, ndiyo iliyomfinyanga. Hakuidharau, na haikumtupa. La pili, alikuwa na wazo lake kuhusu giza, akaliacha, kwa sababu alitazama kwa muda wa kutosha. Ndugu msomaji, ukipata usiku wa kiangazi usio na mwezi, toka nje utazame juu. Yale mabaka meusi si matundu.