Maisha ya Karl Ziegler, mkemia aliyechunguza chombo chake



Katika ukurasa huu tunasimulia maisha ya mtu ambaye hayuko tena duniani lakini kazi yake iko bado kati yetu. Mara hii ni Karl Ziegler, mkemia wa Ujerumani. Wengi wetu hatukuwahi kusikia jina lake, na kumbe kazi yake tumeibeba kichwani miaka na miaka. Tumemchagua pia juu ya ile habari ya sabuni yetu, ambayo tutaifikia mwishoni.

Tuanze na bidoni. Aliyerudi kwa boti kutoka Kigoma mpaka Baraka, na aliyeingia kwa barabara kupitia Kavimvira, karibu wote tulikuwa na vitu viwili: bidoni ya manjano na shitingi. Kwa bidoni tunachota maji, yawe ya robine au ya ziwa. Shitingi ilikuwa paa yetu kule Nyarugusu na Lugufu. Halafu mwezi wa 4 mwaka 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kubeba nyumba za watu, shitingi zikarudi tena, safari hii hapa hapa Uvira. Bidoni ile ngumu na nyuzi zilizofumwa ndani ya shitingi ni plastiki ya aina moja. Inaitwa poliethileni ngumu, na njia ya kuitengeneza ilitoka kwa Ziegler.

Alizaliwa tarehe 26 Novemba 1898 katika kijiji cha Helsa, karibu na mji wa Kassel. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Tangu utotoni kijana huyu alipenda kufanya majaribio nyumbani, na alipofika chuo kikuu cha Marburg alikuwa amejisomea mengi kiasi kwamba aliruka masomo ya mwanzo. Mwaka 1920, akiwa na miaka 21 tu, alipata udaktari. Baadaye alifundisha Heidelberg miaka kumi, na mwaka 1936 akaenda Halle.

Alitumia maisha yake kuchunguza jambo moja hasa: metali inapofungamana na kaboni. Kaboni ndiyo iliyomo katika makaa, mafuta, sukari, na mwili wetu wenyewe. Metali na kaboni kwa kawaida hazikai pamoja kwa urahisi. Ukizifunga pamoja, unapata kitu kikali sana. Kingine kinawaka moto chenyewe mara tu kinapoguswa na hewa, na tone la maji linatosha kukilipua. Kwa hiyo kazi yote inafanywa ndani ya vyombo vilivyofungwa, bila hewa wala unyevu. Ziegler alifanya kazi na metali ya lithi, na miaka ya baadaye akahamia kwenye aluminiamu.

Mwaka 1943 aliitwa kuongoza taasisi ya utafiti wa makaa ya mawe huko Mülheim. Alikubali kwa sharti moja: aachwe huru kuchunguza kemia yote ya kaboni, hata ile isiyo na faida kwa wenye makaa. Walikubali. Sisi tuliokimbia tunapaswa kusema pia kwamba Ziegler hakuwa mkimbizi. Chini ya Hitler wakemia wengi Wayahudi walifukuzwa kazini na nchini. Yeye alibaki na akaendelea na kazi yake.

Vita vilipokwisha, alikuwa akifanya majaribio na gesi iitwayo ethileni. Alikuwa ameona kwamba aluminiamu iliyofungwa na kaboni inaweza kuunganisha chembe za gesi hiyo moja baada ya nyingine, kama mtu anayetunga shanga. Alitaka mnyororo mrefu. Lakini siku moja, mwanafunzi wake Erhard Holzkamp alipofungua chombo, alikuta mnyororo umekatika pale mwanzoni kabisa. Badala ya shanga nyingi, zilikuwa mbili tu.

Ilikuwa rahisi kusema kijana amekosea, arudie. Hawakufanya hivyo. Walitafuta sababu kwa muda, wakachunguza gesi, wakachunguza dawa, mwisho wakachunguza chombo chenyewe. Ndani ya kile chombo cha chuma kulikuwa kumebaki nikeli, kidogo sana, isiyoonekana kwa macho. Hiyo ndiyo iliyokuwa inakata mnyororo.

Hapo Ziegler akauliza swali la pili: kama metali moja kidogo hivi inakata, je, nyingine haiwezi kurefusha? Wakaanza kujaribu metali moja moja. Mwaka 1953 mwanafunzi mwingine, Heinz Breil, akajaribu zirkoni, na poliethileni ikatoka. Kisha wakafika kwenye titani, ambayo ilifanya kazi kwa kasi kuliko zote. Heinz Martin akafanya jaribio ndani ya chombo cha glasi, bila kukandamiza gesi, na plastiki ikajaa.

Hiki ndicho wakemia wanaita kichocheo. Kinafanya kama komisionere wa bandarini Kalundu: anakutanisha wawili, biashara inafanyika, naye anabaki alivyo na kwenda kwa wengine. Waingereza walikuwa wamegundua poliethileni tangu 1933, lakini njia yao ilidai joto kali na msukumo wa zaidi ya mara 1000 ya ule wa hewa ya kawaida, tena plastiki yake ni laini. Ya Ziegler mnyororo wake umenyooka, chembe zinalala karibu karibu, na ndiyo maana bidoni inabeba lita 20 bila kupasuka. Ubaya wake unatoka hapo hapo: kitu kisichooza kwa mvua hakiozi pia ndani ya mifereji yetu.

Mambo hayakuwa matamu yote. Giulio Natta wa Milano, aliyepata habari za kichocheo hicho kupitia mkataba wa kampuni moja ya Italia, alikitumia mwaka 1954 kwa gesi nyingine, propileni. Ndiyo plastiki ya mifuko ya kufumwa tunayowekea mahindi, na ya kamba. Ziegler aliona amepitwa katika jambo lililotoka mikononi mwake, na kesi za hakimiliki zikadumu miaka mingi. Mwaka 1963 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobeli ya kemia kwa pamoja.

Ugunduzi huo ulileta fedha nyingi. Alipofikisha miaka 70, Ziegler aliweka mfuko wa karibu maraki milioni 40 kwa ajili ya utafiti katika taasisi ile ile ya Mülheim. Alifariki katika mji huo mwezi Agosti 1973.

Sasa sabuni. Mnajua kwamba mradi wetu wa sabuni ya mawese uliharibika mara mbili. Sabuni ilibaki tepetepe, mafuta yanaelea juu. Maneno yakaanza: soda kostiki imeibwa, imeuzwa sokoni. Mama mmoja wa kikundi alinyoshewa kidole mbele ya watu, na wengine wakataka tugawane kilichobaki na kufunga.

Halafu fundi mmoja akageuza ile sufuria kubwa ya aluminiamu na kuona chini imeliwa, ina vitobo vidogo vidogo. Soda kostiki inakula aluminiamu. Ilikuwa inajimaliza kwenye sufuria kabla haijayageuza mafuta. Mara ya tatu tulipikia kwenye pipa la chuma, kipimo kile kile, na sabuni ikaganda.

Yule mama tulimwomba msamaha katika mkutano, na tunarudia hapa kwa maandishi ili na wafadhili wajue. Soda haikuibwa. Tangu sasa kila upishi utaandikwa kwenye daftari: kipimo, siku, na chombo kilichotumika. Na kitu kikiharibika, tutafungua daftari kwanza kabla ya kutaja jina la mtu.