Nyanya wa Meksiko Asiyekuwa na Mjukuu

Ukitaja neno nyanya mbele ya watu wazima wa Meksiko, wengi hujiwa na sura moja: ajuza mwenye mvi, shali mabegani, uso wa huruma na jicho kali. Sura hiyo ni ya Sara García, mwigizaji wa sinema na televisheni aliyefariki mwaka 1980. Alitokea katika filamu zaidi ya 150, na katika nyingi kati ya hizo alikuwa mama au nyanya wa mtu fulani. Nimependa kuyasimulia maisha yake kwa sababu mwanamke huyu, aliyeitwa nyanya na taifa zima, hakujaliwa kupakata mjukuu hata mmoja.

Alizaliwa tarehe 8 Septemba 1895 mjini Orizaba, katika jimbo la Veracruz. Wazazi wake walitoka Andalusia huko Uhispania, ile Andalusi tunayoisoma katika tarehe ya Kiislamu. Baba alifariki Sara akiwa mtoto mdogo, na mama akaenda mji mkuu kufanya kazi katika Colegio de las Vizcaínas, shule kongwe ya wasichana iliyojengwa karne ya 18. Huko Sara alishikwa na homa kali ya taifasi. Mama alimuuguza usiku na mchana, mpaka maradhi yale yakamwambukiza yeye. Mtoto akapona, mama akafa. Sara alikuwa na umri wa miaka tisa hivi. Mkuu wa shule alimchukua akamlea, na alipokua akawa mwalimu pale pale.

Angaliweza kuishi na kuzeeka akifundisha. Lakini mwaka 1917 palifunguliwa kampuni ya sinema iliyoitwa Azteca Films, na Sara, msichana wa miaka 21, akaingia kutazama na akatoka na kazi. Sinema za wakati huo zilikuwa bubu, na malipo yake hayakutosha kumweka mtu mjini. Riziki ya kweli ilikuwa katika michezo ya jukwaani, basi kwa miaka mingi alizunguka na makundi ya waigizaji mji hadi mji. Aliolewa na mwigizaji mwenzake, Fernando Ibáñez, wakapata binti, María Fernanda, aliyezaliwa safarini mjini Tepic. Ndoa haikudumu. Sara akabaki na mwanawe na kazi yake.

Mwaka 1934 ndipo lilipotokea jambo linalosimuliwa hadi leo. Palitafutwa mtu wa kuigiza nyanya katika mchezo wa jukwaani, na Sara akaitaka nafasi hiyo, naye hajatimiza miaka 40. Wenye mchezo walimwona kijana mno. Alikwenda kwa daktari wa meno, akang'olewa meno 14, mashavu yakabonyea, akavaa nywele za bandia, na nafasi akaipata. Wako wanaokiona kitendo hiki kuwa ni wazimu. Mimi nikikifikiria namwona mama aliye peke yake, mwenye binti wa kulisha na kusomesha, katika kazi ambayo mwanamke akishafika miaka 40 huanza kusahauliwa. Sara hakungoja uzee uje kumfukuza. Aliufuata mwenyewe, akaufanya mtaji, na mtaji huo ukamlisha kwa miaka 46 iliyosalia.

Binti naye akawa mwigizaji. Mwaka 1937 alicheza na Jorge Negrete, ambaye baadaye alivuma kote wanakosema Kihispania. Kisha mwaka 1940 María Fernanda akaugua homa ya matumbo, akafa akiwa na miaka kama 20. Homa ilikuwa imemchukua mama wa Sara. Sasa homa nyingine ikamchukua mtoto wake wa pekee.

Mwaka uliofuata, 1941, ilitoka filamu iitwayo Cuando los hijos se van, ambamo Sara ni mama wa nyumba yenye watoto wakubwa. Mwana mmoja anasingiziwa wizi na kufukuzwa na baba, na katika nyumba nzima ni mama peke yake anayeamini kuwa kijana hana hatia. Mwishowe anampoteza. Waliolia katika majumba ya sinema walikuwa wengi, na kwa nini wasilie? Yule waliyemtazama alikuwa ametoka matangani kweli.

Miaka hiyo sinema ya Meksiko ilikuwa katika enzi yake bora kabisa. Sara alicheza na Cantinflas, mchekeshaji mkubwa, katika Ahí está el detalle. Mwaka 1947 akacheza na Pedro Infante katika Los tres García, akiwa nyanya avutaye sigara nene na kuwacharaza bakora wajukuu watatu wagomvi, wanaume wazima wenye bastola viunoni. Katika filamu iliyoifuata nyanya huyo anakufa, na Infante analia makaburini kama mtoto. Kwangu mimi hii ndiyo kazi yake bora, maana hapa hakumwigiza mama wa machozi tu. Alionyesha ukali wa mzee apendaye.

Televisheni ilipoenea hakuikimbia. Kuanzia 1974 hadi 1977 alikuwamo katika Mundo de juguete, mchezo mrefu wa kila siku uliopendwa mno na watoto. Michezo ya namna hiyo kutoka Meksiko ilifika hata sebuleni kwetu Kenya miaka ya tisini, lakini wakati huo Sara alikuwa ameshaondoka. Kabla ya hapo, mwaka 1972, aliwashtua watu katika Mecánica nacional kwa kutoa matusi mdomoni mwa nyanya mtukufu! Na mwaka 1973 aliruhusu sura yake itiwe kwenye pakiti za chokoleti ya kuchemshwa na maziwa, iitwayo Abuelita, yaani nyanya. Bado inauzwa, na watoto ambao hawajaona hata filamu yake moja wanaijua sura ile.

Alifariki katika mji mkuu tarehe 21 Novemba 1980, mwenye miaka 85. Alizikwa katika makaburi ya Panteón Español, pamoja na María Fernanda, aliyemtangulia kwa miaka 40.