Simeoni Nsibambi na Biblia Aliyoizoea

Wengi wetu tulifika Nakivale na Biblia moja ndani ya mzigo, na Matendo sura ya 2 tumeisikia tangu utoto, hata tunajua mhubiri atasema nini kabla hajafungua kinywa. Ndiyo maana leo tunawaletea habari za Simeoni Nsibambi wa Buganda.

Alizaliwa mwaka 1897, akasoma Budo, kisha akapata kazi ya serikali katika mambo ya afya, Kampala. Alitamani sana kwenda kusoma ng'ambo. Nafasi ile akaikosa, ikamuuma. (Nani kati yetu hajawahi kutafuta jina lake kwenye orodha asilione?) Katika uchungu huo, mwaka 1922, alitambua kwamba uzima wa milele unapita elimu yote ya ng'ambo.

Hata hivyo aliona bado kuna upungufu, kwake na kwa kanisa: waliobatizwa ni wengi, nguvu hakuna. Septemba 1929, huko Namirembe, alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini, Rwanda, aliyekuwa amechoka kabisa baada ya njaa kubwa ya huko. Wakakaa pamoja siku mbili. Walichukua Biblia ya Scofield, ambayo pembeni inakuonyesha mistari mingine ya jambo lile lile, wakafuata habari za Roho Mtakatifu kutoka kitabu hadi kitabu, wakiomba. Hawakuwa wageni wa mistari ile. Ila safari hii walisoma kama watu wenye njaa, Mwafrika na Mzungu juu ya Biblia moja, jambo ambalo siku zile halikuwa la kawaida.

Baadaye Nsibambi aliacha kazi, akavua viatu, akawa mhubiri. Ndugu yake mdogo, Blasio Kigozi, alikwenda kufundisha Gahini. Huko Gahini, katika hospitali, alikuwako pia Yosiya Kinuka, mtu wa Ankole, nchi hii hii ya Mbarara. Kinuka alisafiri mpaka Kampala kumlalamikia Nsibambi jinsi hospitali ilivyopoa kiroho. Nsibambi akaiacha hospitali, akamgeukia Kinuka na dhambi zake mwenyewe! Kinuka akaondoka na neno hilo moyoni, na kabla hajafika Gahini alikuwa amejitoa kwa Yesu.

Kutoka Gahini Uamsho ulienea Rwanda, Ankole, Burundi na mbali zaidi. Nsibambi mwenyewe aliugua miaka mingi, akabaki nyumbani hadi alipofariki mwaka 1978. Watu wakamfuata huko huko, naye akawauliza habari za wokovu wao.