JOHANN SEBASTIAN BACH: MWALIMU ALIYEGEUZA ZOEZI KUWA WIMBO

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za watu wa Mungu waliotutangulia, na mara nyingi huwa ni maaskofu, wamisionari na mashahidi wa imani. Safari hii tumemchagua mtu ambaye hakuwa kasisi wala mhubiri. Alikuwa mpiga kinanda, mtunzi wa nyimbo na mwalimu wa watoto.

Sababu yetu ni hii. Katika parishi zetu za Kasulu na Kibondo wako vijana wanaotamani kupiga kinanda kanisani, lakini wengi huishia njiani. Huanza kwa bidii, kisha baada ya majuma machache hupewa mazoezi ya vidole, nao huchoka. Zoezi linalowachosha sana ni lile la kupiga do, mi, so, do, sauti moja baada ya nyingine, kupanda na kushuka, ngazi baada ya ngazi. Wanamuziki huliita apejio, neno la Kiitaliano lililotokana na jina la kinubi, kwa sababu mpiga kinubi hugusa nyuzi moja moja. Sisi tunaokaa jirani na Warundi tunajua jinsi mpiga inanga anavyofanya vivyo hivyo. Kijana akiacha kujifunza, kwaya hubaki na mpigaji mmoja tu, na huyo akihamia mjini, kinanda hufunikwa kitambaa kikakaa kimya. Kwa hiyo si jambo dogo kuuliza namna ya kulifanya zoezi hili lipendeze. Maisha ya Bach yanatupa jibu.

YATIMA WA EISENACH

Johann Sebastian Bach alizaliwa mwezi Machi mwaka 1685 katika mji wa Eisenach, nchini Ujerumani. Alikuwa mtoto wa mwisho kati ya watoto wanane. Baba yake, Johann Ambrosius, alikuwa mwanamuziki wa mji, na ukoo wao ulikuwa umetoa wapigaji wa vinanda na vyombo vingine kwa vizazi kadhaa. Walikuwa Wakristo wa Kanisa la Kilutheri.

Mama yake alifariki mwaka 1694, na baba yake akafariki mwaka uliofuata. Hivyo kabla hajatimiza miaka kumi Sebastian alikuwa yatima. Kaka yake mkubwa, Johann Christoph, aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisa katika mji wa Ohrdruf, alimchukua akamlea na kumfundisha.

Inasimuliwa kwamba kaka huyo alikuwa na kitabu cha nyimbo za kinanda alichokifungia kabatini, asitake mdogo wake akitumie. Mtoto akawa anakitoa usiku kwa kupitisha mkono kwenye nafasi za mlango wa kabati, akazinakili nyimbo zile kwa mwanga wa mbalamwezi, kwa kuwa hakuwa na taa. Kazi hiyo ilimchukua miezi sita. Kaka yake alipogundua, alimnyang'anya nakala yote. Tuikumbuke habari hii, maana mtoto aliyenyimwa kitabu alikuja kuwa baba aliyewaandikia watoto wake vitabu.

SAFARI YA MIGUU

Alipokuwa na miaka 15 alikwenda kusoma Lüneburg, kaskazini, akiimba katika kwaya ya shule. Mwaka 1703, akiwa na miaka 18 tu, aliajiriwa kuwa mpiga kinanda wa kanisa la Arnstadt.

Mwaka 1705 aliomba ruhusa ya majuma manne aende Lübeck kumsikiliza fundi mkubwa wa kinanda, mzee Buxtehude. Alitembea kwa miguu zaidi ya kilomita 400, karibu sawa na mtu kufuata reli kutoka Kigoma hadi Tabora. Alipofika alivutwa mno na yale aliyoyasikia, hata akakaa karibu miezi minne. Aliporudi, wakubwa wa kanisa walimkemea. Kwa kweli Bach hakuwa mtu mpole siku zote. Aligombana na wanafunzi wake, na mwaka 1717 Duke wa Weimar alimweka kizuizini karibu mwezi mzima kwa sababu alishikilia sana kuachishwa kazi ili aende kwingine. Hatusimulii habari zake kana kwamba hakuwa na dosari. Tunamsimulia kwa sababu ya kipawa alichopewa, na jinsi alivyokitumia kwa wengine.

KITABU CHA MTOTO WA MIAKA TISA

Mwaka 1707 Bach alimwoa Maria Barbara, aliyekuwa wa ukoo wake. Mwana wao wa kwanza wa kiume, Wilhelm Friedemann, alizaliwa mwaka 1710. Baada ya kutoka Weimar familia ilihamia Köthen, ambako Bach alimtumikia mtawala aliyependa muziki, jina lake Leopold.

Tarehe 22 Januari 1720, Friedemann akiwa na miaka tisa, baba yake alimfungulia kitabu kidogo cha kujifunzia kinanda. Kitabu hicho kipo hata leo, kimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani. Kurasa za mwanzo zinaeleza majina ya sauti na alama zake. Halafu unakuja wimbo mfupi wa kufundisha vidole, na juu ya kila sauti imeandikwa namba ya kidole kinachopaswa kuipiga. Juu kabisa ya wimbo huo Bach aliweka herufi za Kilatini zenye kuonyesha kwamba kazi inafanywa katika jina la Yesu. Kwake yeye hata zoezi la vidole lilikuwa kazi ya kuanza kwa sala.

Kadiri kitabu kinavyoendelea tunakutana na ile apejio inayowachosha vijana wetu. Lakini tazameni alivyoifanya! Katika wimbo mmoja wa ngazi ya C mkono wa kushoto unapiga do na mi, na mkono wa kulia unaendelea na so, do ya juu na mi ya juu, kisha unarudia hizo tatu. Zoezi ni hilo tu: sauti zinazopatana zimevunjwa na kupigwa moja moja. Ila kila mara mwanafunzi anapomaliza hatua moja, sauti mbili tatu zinabadilika. Inakuja do, re, la, re, fa. Baadaye ti, re, so, re, fa. Kisha anarudi nyumbani pale alipoanzia. Vidole vinafanya kazi ileile, lakini sikio linapata habari mpya, likitaka kujua kinachofuata. Mtoto haesabu tena mara ngapi amerudia, maana anangoja kuona wimbo utakwenda wapi.

Mwaka 1722 Bach aliupanua wimbo huo akauweka wa kwanza katika mkusanyo wake mkubwa wenye nyimbo za ngazi zote 24. Mwanzoni mwa mkusanyo aliandika kwamba ni kwa faida ya vijana wanaotaka kujifunza, na pia kwa burudani ya wale ambao tayari ni hodari. Wimbo wenyewe una vipimo 35 tu, yaani vile vyumba vinavyotengwa kwa mistari ya wima. Zaidi ya miaka 100 baadaye Mfaransa Charles Gounod aliweka sauti ya kuimba juu yake, na Wakristo wengi, hasa ndugu zetu Wakatoliki, wanaujua kama Ave Maria. Hivyo zoezi la mtoto limekuwa wimbo wa arusi na wa ibada.

ALIVYOFUNDISHA

Mwandishi Johann Nikolaus Forkel, aliyepata habari kutoka kwa wana wa Bach, alichapisha kitabu cha maisha yake mwaka 1802. Anaeleza kwamba Bach hakuwaondolea wanafunzi wake mazoezi ya vidole. Aliwataka wayafanye kwa miezi mingi, mpaka kila kidole kitii. Lakini alipoona mwanafunzi anaanza kukata tamaa, alimwandikia vijiwimbo ambamo mazoezi yaleyale yalikuwamo, mara nyingine palepale katikati ya somo. Tena kabla mwanafunzi hajaanza wimbo mpya, Bach mwenyewe alikaa akaupiga wote, ili mwanafunzi asikie uzuri anaoutafuta.

Mwanafunzi mmoja, Heinrich Nikolaus Gerber, alikumbuka maisha yake yote jinsi mwalimu wake alivyokuwa akisema hana hamu ya kufundisha siku hiyo, kisha akakaa kwenye kinanda kizuri na kumpigia ule mkusanyo mzima. Alifanya hivyo mara tatu, na kwa Gerber saa hizo zilipita kama dakika.

MSIBA NA KAZI

Mwezi Julai mwaka 1720, Bach akiwa safarini pamoja na mtawala wake, Maria Barbara alifariki. Bach aliporudi nyumbani alikuta mkewe amekwisha kuzikwa. Watoto wanne walibaki bila mama, na yeye alijua vizuri maana ya jambo hilo. Hata hivyo kitabu cha Friedemann hakikuachwa. Nyimbo ziliendelea kuongezwa, nyingine kwa mwandiko wa baba na nyingine kwa mwandiko wa mtoto mwenyewe. Hatuwezi kujua yote yaliyopita katika nyumba ile, lakini tunaona kwamba baba aliendelea kukaa na mwanawe kwenye kinanda.

Mwaka 1721 alimwoa Anna Magdalena, mwimbaji hodari, naye pia akamwandikia vitabu vya nyimbo za nyumbani. Kwa ndoa zote mbili Bach alijaliwa watoto 20, lakini kumi kati yao hawakufikia utu uzima. Wazazi waliowahi kuzika mtoto watafahamu uzito wa maneno haya.

Mwaka 1723 alihamia Leipzig kuongoza muziki wa makanisa ya mji na kufundisha wavulana wa shule ya Mtakatifu Thomas. Wakubwa wa mji walikuwa wamewataka watu wengine kwanza, wakamchukua yeye walipowakosa. Hapo aliandika nyimbo za ibada karibu kila juma kwa miaka kadhaa, na zile kubwa za Mateso ya Bwana zinazoimbwa siku za Ijumaa Kuu. Mwishoni mwa nyimbo nyingi aliandika herufi za kumpa Mungu peke yake utukufu.

Mwaka 1750 macho yake yalikuwa mabovu. Daktari mmoja kutoka Uingereza alimpasua mara mbili bila kufanikiwa, na afya yake ikaharibika. Alifariki Leipzig tarehe 28 Julai 1750, akiwa na miaka 65. Kwa muda mrefu nyimbo zake kubwa hazikusikika sana, mpaka kijana Felix Mendelssohn alipoongoza ule wa Mateso kwa Mathayo mjini Berlin mwaka 1829. Lakini nyimbo za kufundishia hazikusahauliwa na walimu. Zilipita kutoka mkono hadi mkono.

TUJIFUNZE NINI?

Kwanza, kwa vijana wetu. Usipige apejio kama mtu anayehesabu magunia. Iimbe kwa do, mi, so, wakati vidole vikiipiga. Ukisha kuweza do, mi, so, do, nenda fa, la, do, fa, kisha so, ti, re, so, halafu rudi nyumbani. Sasa chukua wimbo unaoujua katika Tenzi za Rohoni, na badala ya kubonyeza sauti tatu kwa pamoja, zivunje moja moja chini ya maneno. Zima ule mdundo wa mashine ili usikie vidole vyako mwenyewe. Dakika kumi kila siku zitakufaa kuliko saa mbili za Jumamosi jioni, maana haba na haba hujaza kibaba. Umeme ukikatika, meza inatosha kuzoeza vidole, na mdomo utaimba sauti.

Pili, kwa walimu wa kwaya. Tusiwafokee wanaochoka. Bach hakulegeza kazi, lakini aliutambua uchovu wa mtoto, akauandalia wimbo. Tuwapigie kwanza wasikie. Akina mama wetu hawaachi kulima kwa sababu shamba ni refu. Huanzisha wimbo, na jembe hufuata.

Tatu, kwa wazazi na wazee wa kanisa. Kinanda kinachofungiwa ofisini kisije kikaharibiwa na watoto ni sawa na kile kitabu cha kabatini. Tuweke utaratibu na msimamizi, lakini mlango ufunguliwe. Huenda katika milima yetu hii yuko mtoto anayeusubiri mwanga wa mbalamwezi.

Mungu atupe walimu wenye subira na vijana wenye bidii, na kazi ya vidole vyetu, hata ile ndogo isiyosikiwa na mtu, iwe kwa utukufu wake. Amina.